UZI: Mutoto alipata 3/10 ya kuchora, na mu klase habajachora hata siku moya

mama_katuba
Bandugu ba hapa, jambo yenu. Niko na swali na niko na hasira pia, basi mutanivumilia nikianza kuzunguka.

Juzi batoto balirudi na buletini ya trimesta ya kwanza. Niko na bawili ku masomo ya msingi, musichana eko mu mwaka ya tano, kijana eko mu ya tatu. Musichana pointi zake muzuri, asante Mungu. Kijana hesabu inaenda na shida, dikte (imla) njo tusiseme kabisa, hiyo najua, haiko habari mupya mu nyumba yetu. Lakini safari hii niliteremuka mpaka kule chini, ku mistari ya mwisho kule bazazi bengi hatuangaliaka: kuchora, kaligrafi, kuimba, kazi ya mikono. Musichana 9/10 ya kuchora. Kijana 3/10 ya kuchora.

Nilicheka kwanza. Huyu musichana hata ukimwambia achore kuku anakutolea kitu inafanana na sufuria. Na huyu wa tatu juu ya kumi njo mutoto anachoraka mu nyumba yote! Anachora na makala ku ukuta ya choo, anachora nyuma ya fakture ya umeme, mwezi ya kumi alichora terili (ule mulima ya mabaki ya mine) na shimine yake, na kunguru kamoya kamesimama juu kabisa, mpaka jirani akaomba aibandike ku salon yake.

Nikamwita. Mwalimu alibapa kuchora nini? Akaniangalia sawa vile nimeuliza swali ya mutego. "Mama, hatuchoraka." Sasa saa ya kuchora munafanyaka nini? "Ijumaa tunafanya tena hesabu." Na kuimba? "Tunaimbaka wimbo ya taifa, asubuyi." Na kazi ya mikono? "Tunaletaka mufagio."

Nikamwita dada yake peke yake, ndani ya chumba, sawa vile polisi. Jibu ile ile. Tangu mwezi ya kenda, hata siku moya.

Basi mwenye kujua anijibu bila kunicheka: ile 9 na ile 3 bilitoka wapi?

Kontable_BelAir
Mama, pole, lakini miye siko na wewe mu hii. Mutoto wa mwaka ya sita anangojewa na ENAFEP, ekzamen ya taifa ya kumaliza masomo ya msingi, na ENAFEP itamuuliza Kifaransa, hesabu na kiltire jenerali, haitamuuliza kunguru. Mwalimu eko na masaa kidogo na batoto bengi, achague nini? Kama ni miye direkta, ile saa ya Ijumaa naitia yote mu hesabu na ile mistari ya chini naifuta ku buletini, tusidanganyane. Kuchora atachora ku nyumba, kuimba ataimba ku korali ya kanisa, bure. Kijana wako eko na shida ya dikte, mutafutie mutu wa dikte.

mama_katuba
Papa Kontable, hapo pa "tusidanganyane" tuko pamoja. Hapo kwingine, tutaona.

Sudere_Kenya
Papa Kontable, nakuheshimia, lakini pita siku moya ku atelye yangu ya kusudere hapa Kenya, komine ya Lubumbashi, njia ya soko, nikuonyeshe bavijana ninabapokea kujifunza kazi. Bamoya bamemaliza sekondari, diplome ya leta (serikali) iko mu plastiki. Namupa chokaa, namuambia chora ku chini mulango ya mita 2 kwa sentimita 80, vile itakuwa, saizi yake kamili. Anachora mulango yenye kuanguka! Haione. Njo shida yenyewe, si ati hawezi, HAIONE. Macho haijazoea kupima kitu.

Basi tunaanza sawa vile na katoto. Shika kamba, pima kona kwa kona, kisha kona zile zingine mbili. Kama kamba zote mbili hazilingani, mulango yako imelala, haijalishi vile unaipenda. Ya mita 2 kwa 80 inakupa 2 na sentimita 15 na kitu kidogo. Na ananiambia "patron, hii tulisomaka, ni Pythagore." Ndiyo baba! Ulisoma! Lakini haukuchoraka hata mulango moya, basi Pythagore alibakia mu kaye.

Siku moya nilipokea kijana hakumaliza hata ya sita, lakini utoto yake yote alikuwa anafanya mutoka ya waya. Wiki mbili tu, alikuwa anakata grille bila miye kusimama pale.

mwana_unilu
Yaya Sudere umenifurahisha. Niongeze kitu kimoya, paske naona mu grupe za bazazi banatuma kila mwaka ile habari ya Mozart, ati mutoto akisikia Mozart anakuwa mwerevu mu hesabu. Ile jambo ilitoka mu utafiti ya mwaka 1993 ku Marekani. Bale balipimwa balikuwa banafunzi ba univerisite, haiko batoto. Kitu balipima ilikuwa kugeuza na kukunja maumbo mu akili, haiko hesabu yote. Na faida yenyewe ilikaa dakika 10 ao 15, ikaisha. Pale njo bantu balijenga biashara ya kaseti za batoto tumboni.

Nasema hii paske tuko na tabia ya kutetea kuimba kwa mugongo ya hesabu. Ukisema "batoto baimbe ili bajue hesabu", Papa Kontable atakujibu "basi tuongeze hesabu, mara moya", na atakuwa na haki. Mutoto aimbe paske kuimba ni kitu mutu anajifunza, inakuwa na kosa yake na sawa yake. Mulango ya Yaya Sudere haiko zawadi ya hesabu, ni kitu yake yenyewe.

Kontable_BelAir
Asante kijana, umenisaidia bila kutaka 😄

dada_wa_Kadutu
Salamu toka Bukavu. Huku kwetu njo vile vile kabisa, tena kazi ya mikono imeshakuwa jina ya kufyeka majani ku kiwanja ya masomo na kubeba mayi ya kumwangilia maua ya mbele ya biro ya direkta. Mutoto akikosa kuleta mufagio anapewa sifuri. Sasa niambieni, mufagio mama yake alinunua ku soko ya Kadutu, mwenye kupata pointi ni nani, mutoto ao mama?

Miye nilisoma kwa mwalimu mumoya alikuwa anatufundisha kusuka vikapo, kidogo kidogo, mwaka muzima kikapo kimoya. Changu kilikuwa kibaya, kililala upande. Lakini najua mpaka leo kikapo kinaanzia wapi. Ukinipa kilichoharibika nitakuambia fundi alikosea mustari gani.

Na hiyo ya korali, papa Kontable: si kila mutoto eko mu kanisa yenye korali, na korali inachukua mwenye sauti tayari. Klase inachukua bote.

Mualimu_Ruashi
Mama Katuba, nasoma uzi hii tangu jana na nilikuwa naogopa kuandika. Miye ni mwalimu, haiko wa batoto bako, masomo ingine kabisa. Lakini ile 3 ilitoka wapi, hiyo nitakujibu, paske miye mwenyewe nimeshaandika ma 3 sawa ile, mingi.

Buletini inakuya na mistari yake yote imechapwa. Kila mustari iko na maksima. Direkta hapokei buletini yenye shimo, na enspekta akipita, shimo njo kitu atakayoona ya kwanza. Basi ni usiku, kesho tunatangaza matokeo, umeme imekatika, tochi ya telefone uko nayo mu meno, na buletini 87 biko ku meza. Hesabu umesahihisha. Kifaransa umesahihisha. Unafika ku kuchora, hauna kitu. Hakuna kaye, hakuna karatasi, hakuna hata kumbukumbu. Unafanya nini? Unaangalia juu. Mwenye 80 ku mia mu Kifaransa na hesabu unamupa 8 ya kuchora. Mwenye 30 unamupa 3. Hivi buletini inakaa muzuri, inafanana toka juu mpaka chini, na hakuna muzazi atakuya kuuliza. Nilifanya vile miaka sita. Wewe njo wa kwanza namuona anauliza.

Sitafuti huruma, lakini munielewe. Tangu gratwite, masomo ya msingi ya bure, kuanza mu mwaka 2019, ile ya artikle 43 ya Katiba, batoto balikuya na ni kitu ya muzuri, sitaitukana hata siku moya, niko na banafunzi bale mbele balikuwa banauza mayi ya sashe ku barabara saa ya masomo. Lakini klase haikupanuka. Dawati ya bawili inakaa bane. Ukisema "toweni kreyo ya rangi", batoto 60 hawana, na bale 27 bako nazo batalia zikivunjika.

Na enspekta anafungua nini? Anafungua jurnali na fishi za Kifaransa na hesabu. Sijawahi kumuona enspekta anasema "mwalimu, niimbishie batoto."

Sasa kitu ingine, na hii njo ilinifanya niandike. Kuchora iko mu programu ya taifa, kuimba iko, teatre iko, mazoezi ya mwili iko, na haikutiwa pale ya kupumzisha batoto. Mu miaka mbili ya kwanza, kule tunafundisha na Kiswahili, kuchora njo inafungua mukono. Duara. Mistari ya kulala. Ndoano. Ndoano ya kugeuka. Ukiruka ile, mutoto anafika mwaka ya tatu anashika biki sawa vile anashika kisu, vidole vyeupe kwa kukaza. Unasoma sentensi ya pili ya dikte, yeye angali ku neno ya kwanza, basi anaruka, anaandika vipande, na sisi tunasema hajui Kifaransa. Pengine hajui. Lakini pengine anajua na mukono imechelewa.

Kijana wako anachora muzuri basi mukono yake pengine haina shida, sijui. Lakini uangalie vile anashika biki.

mama_katuba
Mualimu, nimesoma mara tatu. Asante, na sikukasirikii.

Kumbe ile 3 ya kuchora ni 3 ya dikte yenyewe, imevaa kanzu ingine. Kosa moya, fimbo mbili. Na musichana naye njo mubaya zaidi, paske anatembea mu lupango (kiwanja ya nyumba) yote anasema eko na 9 ya kuchora, na kaka yake, ule wa kunguru, ameshaanza kumuombaga amuchoreee!! Juzi nilimukuta anafuatisha sufuria ya dada yake.

Nimemuangalia biki. Anaishika muzuri tu. Basi dikte ni ya Kifaransa kweli 😅 hapo sina mutu wa kulaumu.

Vye_Kamalondo
Batoto bangu, nimekaa kimya, lakini muko munaongea sawa vile hii mambo ya kuchora ililetwa jana na bazungu ba miradi. Mu muji hii yetu ya Lubumbashi!

Mwaka 1946 kulikuwa Mufaransa mumoya hapa, Pierre Romain-Desfossés, alifungua fasi ya kuchora, bantu baliita Le Hangar. Hakubapa picha za Ulaya bazifuatishe. Alibaacha bachore kile macho yabo ilishaona. Pilipili Mulongoy, mutoto wa muvuvi, akachora samaki, ndege, nyoka mu majani. Bela akaacha burashi, akatia vidole mu rangi. Mwenze Kibwanga akajaza karatasi na mistari midogo midogo, unasema mutu anafuma kitambaa. Bantu batatu mu nyumba moya, na hakuna anafanana na mwenzake. Mpaka leo ukionyeshwa picha unajua ni ya nani mbele ya kusoma jina. Kisha mu 1951 Laurent Moonens akafungua masomo ya sanaa, ile baliita Académie.

Na muziki? Kule Kamina, miaka ya 50, padri Guido Haazen alikusanya korali, na ndani yake kulikuwa nani? Batoto ba masomo na balimu babo. Njo ile Missa Luba, misa ya kuimba, mu 1958 balizunguka nayo Ulaya. Joseph Kiwele, mwenye Misa ya Katanga, alikuwa mwalimu wa muziki kwanza, kisha mu 1960 bakamupa waziri ya elimu ya Katanga. Mwalimu wa kuimba! Leo mwalimu wa kuimba hata fasi mu ratiba hana.

Sitabadanganya ati zamani ilikuwa mbingu. Kazi ya mikono ya bakoloni ilikuwa pia ya kututengenezea bakazi ba mikono tusizidi pale, na saa mingi ilikuwa kulima shamba ya misioni, haiko kujifunza. Baba yangu alikuwa anasema alijua jembe ya padri kuliko kitabu ya padri. Basi ile mufagio ya Bukavu na ya Katuba, dada yangu, haijaanza na direkta wenu. Iko na babu.

Miye nilisoma ku masomo ya kambi ya kampuni. Tulikuwa na fanfari. Nilipiga grosi kesi, ile ngoma kubwa, paske nilikuwa mufupi na bengine habakutaka kuibeba. Sikuwa mwanamuziki, nilitumika miaka 31 ku konsantratere, kule banasafisha mawe ya mine. Lakini nilipokuwa nasikia mashine inabadilisha mulio, nilijua mbele ya inspekta wa mashine. Mutanielewa vile mutanielewa.

Kigoma_Ujiji
Wadau wa Lubumbashi habari zenu, nawasoma kutoka Kigoma, hii Swahili yenu naielewa nikiisoma kwa sauti 😂

Mzee wa Kamalondo shikamoo. Msidhani ni Kongo tu. Huku kwetu tulikuwa na Stadi za Kazi na Haiba na Michezo kwenye mtaala miaka na miaka, na nikiwa shule ya msingi kipindi cha michezo kilikuwa kinaliwa na hisabati kuanzia darasa la tano, mwalimu anaingia na chaki mkononi, mmeshavua viatu, anawaambia vaeni viatu. Ila mtihani wa Stadi za Kazi tulifanya, wa kuandika. "Taja vifaa vinne vya kufinyanga chungu." Nikapata vyote vinne. Chungu sijawahi kukigusa hadi leo.

dada_wa_Kadutu
"Taja vifaa vinne vya kufinyanga" nimecheka mpaka mutoto ameamuka 😂😂

Kontable_BelAir
Vye, heshima yako. Naona nimebaki peke yangu, basi niongee ya kazi yangu. Kreyo za rangi, boite ya chini kabisa hapa ni franka 2.000. Mara 87 ni franka 174.000, klase moya, na itaisha mbele ya Pasaka. Zidisha mara klase kumi na mbili. Nani atalipa? Mukirudisha ile pesa ku bazazi, gratwite imekufa, na mama Katuba njo atakuwa wa kwanza hapa kulalamika. Sisemi kuchora ni mubaya, nasema munanionyesha mulango muzuri bila bei.

mwana_unilu
Kinshasa kuko orkestre ya Kimbanguiste, Armand Diangienda aliianzisha mu 1994, bantu balikuwa banabadilishana violon moya kwa zamu, na kamba ikikatika balitia waya ya breki ya velo. Siko nasema ni muzuri kukosa, nasema tu habakungoja boite.

Mualimu_Ruashi
Papa Kontable swali yako ni ya haki kabisa na ilinizuia kulala. Basi Ijumaa nilijaribu, bila kuomba direkta ruhusa, mutanisamehe.

Hapa Katanga tumezungukwa na vichuguu, ile udongo mwekundu bantu banachomaka nayo briki. Siku ya Alhamisi nilituma bavijana bane, bakuye na mufuko moya ya saruji umejaa udongo ya kichuguu. Bei: sifuri, na mutoto mumoya aliumwa na mchwa. Nikaitia mayi, tukakanyaga na miguu ku kiwanja, 87, kila mutu akapewa bonge ya ngumi yake. Nikasema: fanyeni kitu iko mu nyumba yenu, kitu munashikaka kila siku.

Dakika kumi ya kwanza ilikuwa vita. Kisha kukawa kimya. Mu miaka yangu yote ile klase haijawahi kunyamaza vile bila fimbo. Mbabula (jiko ya makala) zilikuwa mingi, nilihesabu zaidi ya 20, zingine na makala ndani, vipande vidogo. Vikombe. Telefone. Kuko katoto kamoya hakaongeaka, ninakajua kwa jina tu, kalifanya kufuli na ufunguo yake, na ufunguo ilikuwa inaingia. Nikamuuliza kwa nini kufuli, akasema "mama anatufungiaka akienda kuuza." Basi sasa najua kitu sikujua tangu mwezi ya kenda.

Nikatia pointi. Za kweli. Mwanafunzi wangu wa kwanza, ule wa 91 ku mia, alipata 5, paske alifanya mupira, akaniambia nimemaliza, akaketi. Mama yake atakuya, najua.

Sudere_Kenya
Ule wa kufuli nitumie akifika miaka 16 🔥

Kontable_BelAir
Mupira pia ni kitu bantu banashika kila siku mwalimu 😄 lakini sawa. Sifuri franka nakubali. Swali yangu ya ENAFEP ingali pale pale.

Mualimu_Ruashi
Iko pale pale papa, hata miye sina jibu yake. Ninafundisha mwaka ya nne, pengine njo paske niko na nafasi ya kujaribu. Mwalimu wa ya sita ananiangalia sawa mwendawazimu.

mama_katuba
Ninarudi na habari. Nilienda ku masomo ya batoto. Sikuenda na hasira, nilienda na ile meseji ya Mualimu Ruashi nimeiandika ku kaye, nikaisomea mwalimu wa kijana. Ni binti kijana, ana miaka pengine 24. Alinisikiliza, kisha akasema pole pole, "Mama, hata miye sijafundishwaka kuchora. Naogopa batoto batanishinda." Hapo hasira yangu yote ilianguka chini, sikujua niiweke wapi.

Direkta yeye alisema buletini ni ya leta, haiwezi kuwa nusu. Nikamuambia basi mujaze na ukweli. Akasema tutaona. Munajua "tutaona" ya direkta.

Lakini binti alijaribu. Jirani yetu anajenga, nikamuomba mifuko ya saruji yenye kuisha, tukapasua, ndani ile karatasi ni safi, tukakata vipande, na makala iko kila nyumba. Ijumaa iliyopita balichora. Aliwaambia bachore klase yabo vile kila mutu anaiona pale anakaa.

Kijana alirudi na yake, imekunjwa mu mufuko ya kaputula. Nikaifungua ku meza ya kupikia. Migongo. Vichwa vya nyuma, mistari na mistari ya vichwa, masikio, moya eko na kilemba ya shule imelegea, na katikati ya karatasi, toka juu mpaka chini, nguzo. Nguzo nene nyeusi, aliikaza makala mpaka karatasi ikatoboka. Na nyuma ya nguzo, nusu ku kuume, nusu ku kushoto, ubao.

Nikamuuliza, hii nguzo iko kweli? "Iko mama. Niko nyuma yake." Tangu lini? "Tangu mwezi ya kenda."

Kumbe pale kwabo mwalimu anaandika maneno mapya ya dikte ku ubao siku mbili mbele.

Kontable_BelAir
...

Sawa mama.

Sudere_Kenya
🙆🏾‍♂️🙆🏾‍♂️

dada_wa_Kadutu
Eeh Mungu wangu. Na balimuhamisha?

mama_katuba
Balimuhamisha Jumatatu, eko mustari ya pili. Dikte ya Jumatano alipata 4. Kutoka 3. Basi musishangilie sana, Kifaransa bado ni Kifaransa 😅 Na mwenye kuwekwa nyuma ya nguzo sasa ni mutoto wa mutu mwingine, hiyo inanikata roho, paske nguzo haikuhama.

Lakini niko na swali ya kweli, ya ufundi. Binti amesikia ile habari ya kichuguu na wiki hii balifinyanga. Bintu yote ilipasuka. Baliviweka ku jua, ku bati, Jumatatu balikuta vipande tu, batoto balilia. Mualimu Ruashi, yako haikupasuka?

Mualimu_Ruashi
Ilipasuka mama, karibu yote, nilinyamaza kwa haya. Kufuli ilibakia.

Vye_Kamalondo
Ni jua. Mama yangu alikuwa anafinyanga. Udongo ya kichuguu ni kali, peke yake inajivuta ikikauka. Muchukue chungu ya zamani yenye kuvunjika, muitwange mpaka iwe sawa mchanga, muichange mu udongo, pengine moya kwa nne. Kama hakuna chungu, mchanga safi ya muto. Mukande mpaka mapovu yote itoke, muvifunike na matambara, na musitie ku jua hata kidogo. Kivuli. Wiki nzima.

mama_katuba
Wiki nzima! Kule hakuna fasi ya kuviweka, mangaribi batoto bengine banaingia mu klase. Labda nyuma ya nguzo.

Vye_Kamalondo
Nyuma ya nguzo kuko kivuli.